Chaneli Zinakwama? Tafuta Kosa Kabla ya Kununua Antena Nyingine

Televisheni ikianza kukwamakwama, watu hukimbilia paani. Mmoja anazungusha antena, mwenzake yuko sebuleni anapaza sauti, "Hapo hapo! Aa, umepitiliza," na baada ya nusu saa hata zile chaneli zilizokuwa zikionekana zimetoweka. Kesho yake inanunuliwa antena mpya, kubwa kuliko ya kwanza, nayo inafungwa kwenye waya uleule ulioingia maji.

Kwa hiyo hapa tunaanzia chini: kwenye televisheni, halafu waya, halafu vifaa vya katikati, na antena yenyewe inakuja mwisho. Makosa mengi niliyokutana nayo yalikuwa ndani ya nyumba, na ndani ya nyumba hakuna ngazi ya kukutelezesha. Andaa rimoti, kipande kifupi cha waya wa antena unachojua ni kizima, kisu, karatasi na kalamu. Sharti ni moja: badilisha kitu kimoja, soma matokeo, andika, ndipo uguse kingine. Ukibadilisha vitu vitatu kwa mpigo na picha ikarudi, hutajua ni kipi kilichoiponya.

1. Soma dalili kwanza

Wakati wa analogi picha ilidhoofika polepole: chenga kidogo, chenga nyingi, kivuli kikimfuata kila mchezaji uwanjani, na bado mpira uliutazama mpaka dakika ya mwisho. Dijitali haiko hivyo. King'amuzi kinasahihisha makosa ya mawimbi kimyakimya, na muda wote huo picha inabaki safi. Makosa yakizidi uwezo wake, picha inavunjika vipande vya mraba, sauti inakatika, na mawimbi yakishuka kidogo tu zaidi, skrini inakuwa nyeusi. Ndiyo maana jana ulitazama vizuri na leo hakuna kitu, ingawa hakuna aliyegusa chochote. Jana pia ulikuwa ukingoni, ila huwezi kuuona ukingo kwa kutazama picha.

Jambo jingine la kujua ni kwamba chaneli za dijitali hazirushwi moja moja. Kadhaa hufungwa pamoja na kurushwa kwenye masafa yaleyale. Nitaliita kundi hilo fungu. Ukishajua hivyo, dalili zinasomeka:

- Chaneli zote zimepotea kwa mara moja: waya umechomoka, busta (kifaa cha kukuza mawimbi) haina umeme, au mtu amebadilisha ingizo la televisheni (Source au Input) kwa rimoti.
- Fungu zima limepotea, mafungu mengine ni mazima: masafa yake yamebadilishwa, linarushwa kutoka mnara mwingine, au kuna kitu kinachoyavuruga masafa hayo peke yake.
- Chaneli moja imepotea ilhali wenzake wa fungu lilelile wanaonekana: achana na antena. Antena haiwezi kuchagua chaneli moja ndani ya fungu na kuiacha nyingine. Huenda chaneli imefungwa kwa malipo, imehamishwa, au hitilafu iko kwao huko wanakorushia.
- Zinakuja na kuondoka: andika saa, upepo, mvua, na nani alikuwa amewasha nini ndani ya nyumba. Siku mbili za kuandika zitakuambia mengi kuliko fundi atakayekuja siku ambayo kila kitu kinafanya kazi.

2. Yale ya aibu

Hakikisha televisheni iko kwenye ingizo sahihi. Hakikisha king'amuzi chako ni cha antena na si cha dishi. Vinafanana kwa nje, lakini cha dishi hakitasoma antena ya mnara hata ukiifikisha mawinguni. Televisheni yenye king'amuzi ndani yake nayo ina mipaka: iliyotengenezwa kwa DVB-T pekee, mfumo wa zamani wa matangazo ya dijitali kwa antena, haipokei matangazo ya DVB-T2, mfumo uliofuata, na iliyotengenezwa kwa mfumo wa ATSC wa Marekani haisomi chochote kati ya hivyo viwili. Maelezo haya yako kwenye kitabu chake au kwenye karatasi iliyobandikwa nyuma.

Kisha saka chaneli upya, lakini kwa tahadhari. Televisheni nyingi hufuta orodha ya zamani pale usakaji unapoanza. Ukisaka wakati mawimbi ni mabovu, utafuta chaneli nzuri na kubaki na orodha tupu. Kama tatizo ni fungu moja, tumia usakaji wa mkono: ingiza namba ya masafa ya fungu hilo pekee. Kwenye nchi ambazo kila fungu hupewa upana wa megahezi 8, namba 21 ya UHF (masafa ya juu yanayotumiwa na televisheni) ina kitovu chake megahezi 474, na kila namba inayofuata inaongeza 8. Namba 30, basi, ni 546.

3. Mita ya mawimbi: angalia ubora kabla ya nguvu

Hapa ndipo penye kazi. Karibu kila king'amuzi na televisheni ya kisasa ina mita mbili kwenye menyu, mara nyingi chini ya usakaji wa mkono au taarifa za mfumo. Zimeandikwa Signal Strength na Signal Quality, yaani nguvu na ubora. Watu hutazama nguvu kwa sababu ndiyo mstari mrefu zaidi. Mita ya nguvu inapima kila kinachoingia kwenye waya katika masafa hayo, yakiwemo makelele. Mita ya ubora inaonyesha ni kiasi gani cha hayo kinasomeka. Mtu anaweza kukupigia kelele sikioni usiambulie neno, na mwingine akanong'ona ukamsikia vizuri.

Fungua chaneli moja ya kila fungu, soma mita zote mbili, andika. Halafu tafsiri:

Nguvu ndogo na ubora mdogo: mawimbi hayafiki. Endelea na waya, busta, na hatimaye antena.

Nguvu kubwa na ubora mdogo: mawimbi yamefika lakini yamevurugwa. Huenda busta imezidi, kuna kifaa kinachopiga kelele, au mawimbi yanagonga jengo au kilima na kurudi yakiwa yamechelewa, yakikanyagana na yale yaliyokuja moja kwa moja. Kuongeza busta hapa ni kumwaga petroli motoni.

Nguvu ndogo na ubora mkubwa: usiguse. Nimeona watu wakiharibu mapokezi mazima kwa sababu tu mstari wa nguvu uliwaudhi.

Zote kubwa na bado picha inavunjika mara mojamoja: tafuta kelele za ghafla, kama swichi, mota au taa, au plagi iliyolegea inayotikiswa na upepo. Gusa pia king'amuzi. Kikiwa cha moto kiasi cha kushindwa kukiwekea mkono, kihamishe mahali penye hewa kwanza.

Asilimia hizo hazina kipimo cha pamoja. Kila kiwanda kina hesabu yake, kwa hiyo 60 ya televisheni yako si 60 ya jirani. Linganisha kifaa na chenyewe tu. Na ukigusa chochote, subiri sekunde tano hivi kabla ya kusoma, maana mita huchelewa.

4. Waya na plagi zake

Ikiwa nyumba ina soketi ukutani, spilita (kigawanyio cha waya mmoja kwa televisheni kadhaa), viunganishi na busta, viruke vyote kwa muda. Ulete waya unaotoka kwenye antena moja kwa moja hadi kwenye televisheni. (Kama antena ina busta juu kabisa, usiiruke adapta yake ya umeme, la sivyo utakuwa umeizima.) Ubora ukipanda, kosa liko kati ya vitu ulivyovipita, na utalikuta kwa kuvirudisha kimoja kimoja. Usipopanda, kosa liko juu zaidi. Kwa jaribio hilo moja nusu ya njia imeshaondolewa shaka.

Sasa kagua plagi. Waya wa antena una waya mmoja wa shaba katikati, plastiki au povu kuuzunguka, kisha karatasi ya fedha na msuko wa nyuzi nyembamba. Waya wa kati na msuko havitakiwi kugusana popote. Uzi mmoja wa msuko, mwembamba kama unywele, ukiugusa waya wa kati ndani ya plagi, mawimbi yameisha. Niliwahi kupoteza Jumapili nzima juu ya ngazi, na mwisho wa siku kosa likawa uzi wa aina hiyo, nyuma ya televisheni, umbali wa mkono kutoka kwenye kiti changu.

Kata plagi yenye shaka, usiisafishe. Menya upya, rudisha msuko wote nyuma, hakikisha plastiki ya ndani haijakwaruzwa, funga plagi mpya. Kwenye plagi ya nati, waya wa kati utokeze milimita 2 hadi 3 kupita mdomo wa plagi. Ukiwa mfupi haugusi, na ukiwa mrefu unapinda ndani ya soketi. Viungo vya kusokota waya kwa waya na kufunga utepe mweusi haviruhusiwi, hata kama fundi aliyepita aliapa kuwa vinafaa. Vinavujisha mawimbi nje na kuingiza makelele ndani.

Shaba ukiikuta nyeusi au ya kijani, maji yameshaingia. Waya wa namna hiyo haukauki. Povu hunywa maji, na maji hula mawimbi. Kata mpaka ufike penye shaba inayong'aa. Usipopafikia baada ya mita moja hivi, badilisha waya wote. Mpya uwe wa omu 75, na RG-6 ndiyo inayofaa kwa njia ndefu. Kwenye masafa ya UHF, RG-6 nzuri hupoteza takriban desibeli 5 kwa mita 30, maana yake chini ya nusu ya kilichoingia ndicho kinachotoka. Nyaya nyembamba hupoteza zaidi. Usiukunje kwa kona kali wala usiupigilie msumari wa kuubana hadi ukabonyea. Kabla haujaingia ukutani, uache uning'inie kidogo kama kitanzi, ili maji ya mvua yadondokee hapo badala ya kuufuata waya hadi ndani.

5. Spilita na busta

Spilita haizalishi mawimbi, inayagawa. Ya njia mbili humpa kila mmoja chini ya nusu: hasara ya desibeli 3.5 hadi 4. Ya njia nne hupoteza 7 hadi 8 kwa kila tundu. Kama unatazama televisheni moja tu na spilita ya njia nne imebaki ukutani kama kumbukumbu ya wapangaji waliohama, itoe.

Busta ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko vyote. Haileti mawimbi ambayo antena haikuyapata. Inakuza kilichofika, mawimbi na makelele pamoja, na inaongeza makelele yake kidogo. Kazi yake halisi ni kufidia kile ambacho waya na spilita vitakula mbele ya safari, kwa hiyo mahali pake ni karibu na antena. Ukiiweka nyuma ya televisheni, mwisho wa waya wa mita 30, inakuza mabaki. Nguvu itapanda kwenye mita na ubora utabaki palepale.

Busta ya juu hupata umeme kupitia waya uleule unaoleta mawimbi, kutoka kwenye adapta ndogo iliyoko ndani. Adapta ikichomolewa, busta inakufa, na busta iliyokufa huzuia mawimbi kuliko kutokuwa na busta kabisa. Mtu akichaji simu kwenye soketi hiyo jioni, chaneli zote hupotea jioni. Kama kuna spilita kati ya adapta na busta, iwe ya aina inayopitisha umeme. Ving'amuzi vingi vya DVB-T2 vinaweza pia kupeleka volti 5 juu, vikiwashwa kwenye menyu. Hizo zinatosha antena iliyotengenezwa kwa volti 5, lakini busta inayotaka volti 12 haitaamka. Na kama antena yako haina busta, zima volti hizo. Baadhi ya antena zitasomeka kama waya uliogusana, na king'amuzi kitalalamika.

Ukiwa karibu na mnara, jaribu kuondoa busta kabisa. King'amuzi kikipokea kupita kiasi huchanganyikiwa, na dalili zake ni zilezile za mawimbi hafifu: vipande, kukwama, chaneli kupotea. Nyumba inayouona mnara kwa macho kwa kawaida haihitaji busta.

6. Makelele ya ndani na ya simu

Zima kila kitu isipokuwa televisheni: taa za LED, chaja, ruta, feni, kompyuta. Ubora ukiruka juu, washa kimoja kimoja hadi umpate mhalifu. Taa za LED na chaja za bei ya chini ni washukiwa wakuu, wakifuatiwa na waya wa HDMI usiokingwa vizuri uliolala juu ya waya wa antena. Kuvitenganisha kwa sentimita 30 mara nyingine kunatosha.

Kuna pia minara ya simu. Sehemu ya juu ya masafa yaliyokuwa ya televisheni imehamishiwa 4G na 5G. Ulaya na Afrika mpango wa masafa umeiachia televisheni ya UHF megahezi 470 hadi 694, na Marekani mwisho ni 608. Antena na busta za zamani bado zinapokea hadi 862, kwa hiyo zinaukuza mnara wa simu kwa bidii zote. Kama chaneli ziliharibika mara tu mnara wa simu uliposimamishwa jirani, tafuta kichujio cha 4G na ukifunge kabla ya busta, si baada yake. Busta ikishavuruga mawimbi, kichujio hakiwezi kuyanyoosha.

7. Sasa, antena

Usipande paa likiwa na maji, au wingu la radi likiwa karibu. Usisimamishe nguzo mahali ambapo ikianguka itagusa waya wa umeme. Pima urefu wake wote ukiulaza upande huo. Nguzo ya chuma iunganishwe ardhini na fundi anayeijua kazi hiyo.

Antena ya fimbo nyingi inayoonekana kwenye mapaa mengi ilibuniwa Japani mwaka 1926 na Shintaro Uda na Hidetsugu Yagi, na bado kuna wanaoifunga kinyumenyume. Upande wenye fimbo fupi ndio unaotazama mnara. Upande wenye fimbo ndefu zaidi, au wavu, unakaa nyuma.

Angalia pia ulalo. Minara mingine hurusha mawimbi yakiwa yamelala na mingine yakiwa yamesimama, na fimbo za antena lazima zifuate hivyo hivyo. Antena iliyolazwa ilhali mawimbi yamesimama hupoteza karibu yote, hata ikielekezwa sawasawa. Tazama antena za majirani wenye picha nzuri: zinaelekea wapi, na fimbo zake zimekaaje.

Kisha ielekeze. Badala ya kupigiana kelele, piga simu ya video na yule wa chini aielekeze kamera kwenye mita ya ubora. Zungusha kidogo kidogo, subiri sekunde tano, soma. Usisimame penye namba kubwa ya kwanza. Endelea kulia mpaka ubora uanze kuanguka, weka alama kwenye nguzo, rudi kushoto mpaka uanguke tena, weka alama nyingine, kisha funga katikati ya alama hizo mbili. Hapo upepo ukiisogeza kidogo hutaanguka ukingoni. Pima mafungu yote kabla ya kukaza nati, na chagua nafasi inayoliokoa fungu dhaifu kuliko yote, hata kama fungu bora litapungua kidogo.

Kama mwelekeo hausaidii, hamisha. Kwenye megahezi 600 urefu wa wimbi ni sentimita 50 tu, kwa hiyo kuisogeza antena nusu mita pembeni au juu kunaweza kuitoa mahali ambapo mawimbi yanayorudi kutoka kwenye majengo yanakanyagana. Wakati mwingine kuishusha husaidia kuliko kuipandisha, jambo ambalo halimwingii mtu akilini mpaka alione. Kwa umbali mrefu, hata hivyo, kimo ndicho kila kitu. Chukua kipeuo cha pili cha kimo cha mnara kwa mita, ujumlishe na kipeuo cha pili cha kimo cha antena yako, uzidishe kwa 4.12: utapata kilomita ambazo mawimbi yanafika kabla ya mkunjo wa dunia kuyaficha. Mnara wa mita 100 na antena ya mita 9 ni kama kilomita 54, kama hakuna kilima katikati. Miti nayo hesabu, hasa majani yakiwa mabichi na yenye maji.

Antena ya ndani inafuata kanuni zilezile, ila ina maadui zaidi. Chini ya paa la bati iko kama ndani ya sufuria yenye kifuniko. Isogeze dirishani upande wa mnara, mbali na televisheni, na kumbuka kuwa baadhi ya vioo vya kisasa vina utando wa chuma usioonekana. Watu wakipita na picha ikavunjika, ina maana mawimbi yanayokufikia ni yale yaliyokwisha kugonga kuta. Itoe nje, hata kwenye kibaraza tu.

Zipo siku chache, hasa za joto na hewa tulivu, ambapo hali ya anga hubeba mawimbi ya minara ya mbali sana na kuyamwaga juu ya yako. Chaneli zinavurugika kwa saa kadhaa, halafu zinarudi zenyewe. Siku hiyo usiiguse antena.

Picha ikishatulia, saka chaneli kwa mara ya mwisho, funika plagi za nje kwa utepe wa kuzuia maji, kisha andika nguvu na ubora wa kila fungu pamoja na tarehe, na uibandike karatasi hiyo nyuma ya televisheni. Siku fungu moja likishuka kutoka 85 hadi 50 na picha bado ni safi, una muda wa kukagua plagi kabla mvua hazijaanza.